Msimu Niliojifunza Kusema "Women"

Jumamosi, 11 Machi 1989

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo nimechaguliwa.

Kikundi cha akina mama kilikutana kanisani. Dorca, mwenyekiti wetu, akauliza ni nani atakayesema na yule mzungu wa maji kwa Kiingereza. Wote wakageuka kunitazama. Mimi nilifika Form Two kule Bungoma, kabla sijaolewa na Ouma huku ziwani. Hapa kwetu hiyo ni kama digrii.

"Nyar Bungoma ataongea," Dorca akasema. Ndivyo wanavyoniita, binti wa Bungoma, ingawa watoto wangu wote nimewazalia hapa.

Jambo lenyewe ni hili. Bomba limeteremka kutoka mlimani hadi Kisian, pale barabarani, na mradi umebakiwa na mfereji mmoja tu wa kuchotea maji, wa kugawa. Wenye maduka wanautaka palepale barabarani. Sisi tunautaka huku chini, karibu na shule, maana huku ndiko watu wanakoishi, na huku ndiko tunakochota maji ya ziwa mahali ng'ombe wanapokunywa na kukojoa.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Kibukusu changu hapa hakuna wa kukisoma, na Dholuo changu bado huchekesha watu nikikiongea. Kiingereza nitakisema Jumamosi ijayo.

Jumatano, 15 Machi

Mvua. Nimejizoeza hotuba mbele ya mbuzi. Hawakupinga.

Jumamosi, 18 Machi

Natamani leo ifutike.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Injinia anaitwa Karin, mwanamke mrefu mwenye gambuti za kijani, ametoka Ulaya. Karani wa mradi, Gordon Obiero, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Gordon anaishi Milimani, mtaa wa wenye pesa mjini, ila kwao ni hapa, na baba yake mdogo, Mzee Obiero, ndiye mwenye duka kubwa pale barabarani.

Nilisimama. Nikasema nilivyojizoeza: "Madam, the woman of this place is suffering. The woman is walking to the lake every day. The woman want the tap near the school."

Karin akainua kichwa. "Which woman?"

Nikanyoosha mkono niwaonyeshe akina mama wote. "This woman." Lakini mkono ulivyozunguka ukaishia kwa mama mkwe wangu, Rosa, aliyekuwa ameketi mbele kabisa.

Karin akamtazama Rosa kwa huruma. "Does she live near the school?"

"Yes!" nikajibu kwa furaha, nikidhani sasa tunaelewana. "Very near."

Nikamsikia Gordon akicheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani. Kisha akawatafsiria watu kwa Dholuo: huyu anasema mama mkwe wake amechoka kutembea, kwa hiyo anaomba apelekewe maji mpaka nyumbani kwake.

Uwanja mzima ukacheka. Wanaume walicheka wakipigana mabega. Akina mama hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Dorca alinitazama kama mtu aliyemtuma mtoto dukani kununulia nyumba chumvi, akamwona anarudi analamba peremende.

Nilitaka kusema tena lakini Mzee Obiero alikwisha kusimama. Akasema mama mmoja asicheleweshe maendeleo ya watu wengi. Karin akaandika. Atarudi mvua zikipungua, ndipo aamue.

Jumapili, 19 Machi

Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa.

Rosa amenisubiri mpaka tulipofika nyumbani. "Mama Aoko, kwani ulisema nini juu yangu kwa huyo mzungu?"

"Sikusema juu yako, Mama. Nilisema juu yetu sote."

"Sasa mbona watu wamesikia mimi peke yangu?"



Alhamisi, 23 Machi

Mvua. Njia ya ziwani imekuwa tope tupu. Nilimkuta Dorca akipanda na mtungi wake, nikamsalimu. Akasema yuko na haraka.

Jumapili, 26 Machi

Pasaka. Ouma amekuja kutoka mjini, anakofanya kazi ya kupakia mizigo bandarini. Habari ilikuwa imeshamfikia hukohuko, gatini.

"Kwani ulisema aje?"

"Nilisema wuman."

"Na ulitaka kusema nini?"

"Wuman. Wale wengi."

Akafikiri. "Sasa hiyo si ni kitu moja?"

Tukatazamana. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Kwenye daftari la shule nakumbuka yaliandikwa maneno mawili, moja na A na jingine na E. Lakini mdomoni yalikuwa yakitoka kama neno moja, tangu darasa la nne, na mwalimu mwenyewe alikuwa akiyatoa hivyohivyo.

"Wachana nayo," Ouma akasema. "Wanaume wataongea hiyo mambo ya maji."

Wanaume hawachoti maji. Sikumwambia hivyo, ilikuwa Pasaka, lakini naandika.

Jumanne, 28 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu Perez, anayefundisha Kiingereza shuleni hapa. Ni msichana tu, mdogo kwangu, ana mimba ya kwanza na hana subira hata ya kungoja chai ipoe. Alikuwepo siku ile ya mkutano.

"Nilikuwa nangoja uje," akasema. "Nilitaka kukufuata nikaona utafikiri nakucheka. Haya, sema mwanamke mmoja."

"Woman."

"Sawa. Sasa wanawake."

"Woman."

Akapiga meza. "Ona mdomo wako! Haujasogea. Mmoja, mdomo uwe mviringo, kama unapuliza moto. Wengi, uuvute pembeni, kama umeona mgeni unayempenda. Wi-min."

"Wi-min."

"Hiyo! Tena."

Nimesema mpaka mashavu yakauma. Alinieleza pia jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Kwetu wingi unakaa kichwani mwa neno: mtu, watu, kwa Kibukusu omundu, babandu. Ukianza tu kusema, msikilizaji ameshajua kama ni mmoja au ni wengi. Mzungu anauweka mkiani, ka-s kadogo kule mwisho, na sisi tumezoea kumaliza neno kwa upole, kwa hiyo tunakameza. Tumesema "cup" na kumbe vikombe ni vingi. Na yapo maneno machache yenye kiburi, yanayoficha wingi wake tumboni. "Woman" ni mojawapo.

"Utakuja kila jioni nikimaliza kusahihisha," akasema. "Na uniletee mahindi ya kuchoma. Huyu mtoto anataka mahindi."

Jumatatu, 3 Aprili

Child, children. Man, men. Tooth, teeth. Foot, feet. Mvua.

Alhamisi, 6 Aprili

Leo nimegombana na Mwalimu. Anasema samaki mmoja ni "fish" na samaki wa mtumbwi mzima ni "fish". Nikamuuliza, sasa mtu atajuaje? Akasema utajua kwa maneno ya jirani: "this fish is", "these fish are". Kondoo ni hivyohivyo. Kisha akasema "furniture" haina wingi kabisa hata ukijaza lori. Wala "information". Wala "advice".

"Basi hawa watu wamechoka kuhesabu," nikasema.

Alicheka mpaka akashika tumbo, nikaogopa atazalia hapo.

Jumapili, 16 Aprili

Rosa alinikuta jikoni nikipuliza na kutabasamu, nikipuliza na kutabasamu. Akauliza kama naumwa. Nikamweleza. Nilimweleza kwa Dholuo changu kibovu kwamba kwa Kizungu maneno ya mwanamke na wanawake yanakaribiana kama ndugu, na mimi nilimtaja mmoja badala ya mwingine.

Alisukuma kuni ndani. Kisha akasema, "Kwetu huwezi kukosea hiyo. Mmoja ni dhako. Wengi ni mon. Hata kiziwi atasikia." Akaangalia moto. "Kwa hivyo hukuniombea mimi."

"Hapana, Mama. Niliwaombea mon."

Akatoka. Baadaye nikasikia sauti yake kwa majirani, kali, akisema jina langu. Lakini hakuwa akinisema mimi, alikuwa akiwasema wao.

Jumamosi, 29 Aprili

Mvua haikati. Mto umevunja ukingo, umeshuka na uchafu wote wa huko juu, vyoo na yote, umemwaga ziwani palepale tunapochota. Maji yana rangi ya chai. Tunachemsha kuni zikikauka. Hazikauki.

Jumapili, 7 Mei

Sijui nianzie wapi.

Jana alfajiri mtu alipiga mlango kwa mikono miwili. Alikuwa Dorca. Hakuwa amezungumza nami tangu Machi. Nywele zilikuwa wazi, gauni limelowa. "Mapacha," akasema. "Apiyo na Adongo. Wanatapika, wanahara maji matupu. Wewe unajua kuongea na madaktari. Twende."

Nilipofika kwake macho ya Apiyo yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Kufika njiani tukakuta mwingine, mtoto wa jirani, halafu wanawake wawili wamebebwa kwenye toroli. Kipindupindu. Hakuna aliyelitamka neno hilo. Ouma, aliyekuwa nyumbani kwa wikendi, alikimbia mpaka barabarani bila viatu akasimamisha pikapu ya mfanyabiashara wa samaki. Tukawalaza nyuma juu ya magunia, mvua ikatupiga mpaka Kisumu, tukishikilia turubai juu ya wagonjwa. Nilikuwa nimempakata Apiyo na nilikuwa nikimwongelesha muda wote. Sijui ni lugha gani niliyokuwa nikitumia.

Pale hospitali kubwa, ile watu wanayoiita Russia kwa kuwa Warusi ndio walioijenga, niliruka chini na Apiyo nikaingia naye ndani mbio. Palijaa watu. Daktari kijana, Mhindi, akampokea, akamtazama mara moja tu, akaanza kutafuta mshipa. Bila kuinua macho akauliza, "Only this child?"

Nimeliwaza swali hilo usiku mzima. Kwa mdomo wangu wa Machi ningesema, "No, the child is in the pickup," naye angedhani ninababaika, maana mtoto si huyu hapa mkononi mwake?

Nikavuta pumzi. "Children, doctor. Many children. The children are in the pickup outside. And women. Two women."

Akainua macho. "Children and women? From one place?"

"From one place. They drink water from the lake."

Akapaza sauti. Wauguzi wakatoka na machela, si moja, wakaja wengi, wakatoka nje kwenye mvua. Adongo alikuwa amelegea mikononi mwa Dorca. Muuguzi alimnyakua kama mtu anayeokoa nguo kwenye moto.

Kufikia mchana mapacha wote walikuwa na dripu. Jioni Apiyo akaomba uji. Daktari akaja kuniuliza mengine, nani mwingine anaumwa, nyumba zipi, na kila alichouliza nilimjibu, polepole, nikimalizia kila mkia. Akasema leo atatuma watu wa afya kijijini wakiwa na dawa ya maji.

Dorca alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Akanishika kifundo cha mguu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Nikakaa kando yake. 

Jumanne, 9 Mei

Hakuna aliyekufa. Naandika tena: hakuna aliyekufa.

Jumamosi, 13 Mei

Watu wa afya wako hapa bado, na gari walilopewa ni la mradi wa maji, na anayeliendesha ni Gordon Obiero. Nilikusudia nisimwangalie. Lakini nimemwona siku tatu mfululizo akibeba madebe ya dawa kwenye tope mpaka magotini, suruali yake ya Milimani imeharibika kabisa, na jana alimbeba bibi kizee mgongoni kuvuka mto.

Leo alinikuta nikichemsha maji ya wauguzi. Akasimama.

"Mama Aoko. Ile siku nilicheka."

"Nilisikia."

"Unajua kwa nini nilicheka?" Akakaa juu ya kuni. "Nilipoingia Form One, kule bodi, shule ya kulala, nilisimama darasani nikasema furnitures. Mara moja tu. Miaka yote minne nikaitwa Furnitures. Mpaka leo kuna jamaa benki huko mjini akiniona anapiga kelele, Furnitures! Mbele ya bibi yangu. Kwa hivyo ile siku wewe umekosea, roho yangu ikasema, asante Mungu, leo si mimi."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Niliona kijana amesimama darasani na masikio yanawaka. Kicheko kikanitoka, naye akacheka, na hiki hakikuwa cha puani.

"Lakini ulitafsiri vibaya," nikasema. "Uliongeza maneno."

Akaacha kucheka. "Niliongeza. Baba mdogo alikuwa ananiangalia." Akasugua tope kwenye viatu. "Injinia anarudi tarehe kumi Juni. Karatasi yake bado inasema barabarani. Utakachosema nitatafsiri vile kilivyo. Hilo naweza."

"Si kidogo," nikamwambia.

Jumatano, 24 Mei

Dorca ameleta wazo. Anasema kama neno moja lilitunyima maji, basi neno hilo tulijue sote, asibebeshwe mtu mmoja. Kwa hiyo leo, pale pwani tunapokaushia samaki, Mwalimu Perez alikalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tumbo mbele kama ngoma, akafundisha. Wuman! Wanawake wote wakapuliza. Wimin! Wote wakatabasamu. Rosa ana pengo mbele, neno linamtoka na upepo. Wavuvi walisimama kushangaa. Mmoja akauliza tunamcheka nani. Dorca akamjibu, "Hatucheki. Tunahesabu."

Jumatatu, 5 Juni

Jua, siku nzima.

Jumamosi, 10 Juni

Nataka kuandika kila kitu kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Karin alikuja na gambuti zilezile. Uwanja ulijaa. Ouma ameomba ruhusa kazini, alisimama nyuma kabisa na shati la Jumapili, mikono amekunja.

Mzee Obiero alisema kwanza. Alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Barabarani kuna watu, kuna biashara, lori linaweza kufika. Akamalizia, "Huku chini shida ilikuwa ya mama mmoja, na huyo mama tunaweza kumsaidia kama kijiji." Gordon akaitafsiri yote, hakuongeza, hakupunguza.

Nikasimama. Mdomo ulikuwa tayari.

"Madam, in March I spoke to you, and I made a mistake. I said one woman. I wanted to say women." Nikatabasamu, kama ambavyo neno lenyewe linataka. "The women of this place carry the water. The women and the children. In May, children became sick. The doctor gave them medicine, and they are alive. But today the women went to the same lake with the same pots, because there is no other water. We are asking for the tap near the school."

Nikasikia Gordon akitafsiri nyuma yangu. Alipofika kwenye wanawake akasema "mon" kwa sauti kubwa kuliko nyingine zote.

Karin alikuwa ameacha kuandika. "The women," akasema polepole. "Which women?"

Swali lilelile!  Lakini safari hii sikunyoosha mkono. Niliita, "Women!"

Wakainuka. Dorca kwanza, na Apiyo kushoto na Adongo kulia. Rosa. Mwalimu Perez, akisukumwa kutoka nyuma. Benchi baada ya benchi, wakiitikia "Wimin! Wimin!", mpaka pale mbele waliobaki wamekaa ni wanaume peke yao. Na kisha, kutoka upande wa wenye maduka, wakasimama wawili zaidi, wake wa Mzee Obiero, mkubwa na mdogo. Mzee akawageukia. Mke mkubwa akamwambia, si kwa ukali, "Baba, hata wewe maji yako ya kuoga natoa huku chini."

Watu walicheka, naye Mzee akaangalia kofia yake, na mwishowe akacheka kidogo mwenyewe.

Karin alikuwa mwekundu usoni. Akasema, "I am sorry. My informations were wrong."

Informations. Nililisikia. Nikamtazama Gordon, naye alikuwa amelisikia, na midomo yake ilitetemeka kidogo. Hakuna aliyecheka. Akatafsiri kwa sauti ya heshima kabisa: injinia anasema anaomba radhi, habari alizopewa hazikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimemwelewa Karin hata bila Gordon.

Akafungua ramani juu ya boneti ya gari, akafuta msalaba wa barabarani, akachora mwingine huku chini. Mtaro tutachimba sisi wenyewe. Nikasema tutachimba.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Nilibebwa. Ouma alinifikia mwisho, nikiwa sasa niko chini. Akasema, "Sikuelewa kitu yote, lakini hiyo kitu imesemwa vizuri." Kisha mbele ya wanaume wenzake akanishika mkono, akaushikilia.

Ijumaa, 16 Juni

Tunachimba. Wake wa Mzee Obiero wanachimba. Mtaro unapita kwenye shamba lake, naye amekuja kusimama pembeni, kutuonyesha mahali mawe yapo.

Jumatano, 5 Julai

Perez amejifungua msichana. Mahindi yote yale yamekuwa mashavu.

Jumamosi, 22 Julai

Leo saa tano Gordon alifungua valvu kule juu. Tulisubiri tukiuzunguka mfereji. Kwanza ulikohoa. Ukatema hewa, ukatema tope jekundu, ukanyamaza, tukashikana. Kisha maji yakaja, meupe, baridi, yakipiga sementi kwa nguvu.

Dorca akapaza sauti kwamba tupange foleni. Hakuna aliyemsikia. Mikono ilienda yote kwa pamoja, ya wazee na ya watoto, mingi kiasi kwamba maji yaligonga viganja yakaruka juu, na kwa muda mrefu hakuna aliyepata hata tone la kunywa. Tulilowa tu. Rosa alilowa mpaka kitambaa cha kichwa, akicheka mdomo wazi kuelekea angani, na huko juu hapakuwa na hata wingu.